Meli Iliyokuwa Nyepesi Mno

Nyumba ya Bibi Fudge,
Mtaa wa Kamba.
Jumatatu, 11 Novemba 1889

Kwa Dada yangu mpendwa Keziah,

Ninayo heshima kukutangazia, kwa niaba ya jopo la maofisa saba wa Jeshi la Wanamaji la Malkia, kwamba baada ya vikao kumi na kimoja, barua sitini na tatu na michoro minne ya rangi, imeamuliwa rasmi, wala hakuna rufaa, kuwa bafu la nahodha litakaa upande wa kulia wa meli yetu ijayo. Taifa sasa laweza kulala usingizi.

Baada ya tangazo hilo, pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti la shemeji Eli limepunguza kumtabiria mvua, na watoto wamepona kifaduro. Mimi ni mzima wa mwili. Bibi Fudge, mwenye nyumba wangu, bado anachemsha kabichi kana kwamba ilimtukana mama yake, nami bado naila, kwa hiyo ujue tumbo langu halina neno. Kilichochoka ni kichwa.

Barua yako ya tarehe tatu nimeipata. Unasema huko Devon, kanisani kwenu, wamesikia kwamba meli yetu ilikaribia kupinduka na admirali mzima ndani yake, na kwamba Bwana Orchard atafukuzwa kwa aibu. Unauliza kosa ni la nani. Tena unauliza kama uendelee kuwaambia watu kuwa meli hiyo imejengwa na mdogo wako. Hilo la pili, Dada, nakuomba uliache leo hii, kabla hujaweka barua hii mezani. La kwanza nitalijibu, ila kwa mwendo wangu, maana ukilisikia lote kwa mara moja utanihukumu haraka, na haraka yako naijua.

Bwana Septimus Orchard, mkuu wa ofisi yetu ya michoro, unamkumbuka. Ndiye aliyenikuta nina miaka kumi na tisa, nimechuchumaa chini ya boti kwa kazi ya kukalafati, kuziba nyufa za mbao, nakokotoa uzito wake kwa chaki ubavuni pa boti yenyewe. Alisimama akatazama, akaniambia jibu langu si sahihi lakini kosa langu ni la akili, kisha akaniazima kitabu. Miaka kumi na tano sasa naishi kwa vitabu vya kuazima na kwa uvumilivu wake. Cheti sina, shule ya wajenzi wa meli sikuiona hata ukuta, ila hesabu za uzito za ofisi nzima zinapita mikononi mwangu. Yeye amefanya kazi hapa miaka arobaini na mmoja, na Juni ijayo anastaafu. Jopo likimtia hatiani Ijumaa hii, atatoka kwa mlango wa nyuma na jina lake litafutwa kwenye michoro yote.

Sasa sikiliza habari ya meli.

Unajua zile boti ndogo za topido, yaani lile bomu la kuogelea lenye umbo la samaki. Ni boti nyembamba, zenye mbio, nzuri sana kwa kuzamisha meli za adui, mradi adui awe karibu, bahari iwe shwari na safari isizidi mchana mmoja. Zikienda mbali, makaa yanakwisha, boila zinapasuka, na mabaharia wanatapika mpaka wanasahau majina yao. Basi wakubwa wa London wakaamua ijengwe meli kubwa ya kuzilea: ibebe boti sita mgongoni, iwe na karakana ya kuzitengeneza na winchi mbili kubwa za kuzishusha majini na kuzipandisha. Ofisini tuliiita Kuku, na boti ni vifaranga. Wazo lilikuwa zuri, tena jepesi. Mchoro wa kwanza niliuchora mwenyewe kwa wiki tatu, na ulikuwa na adabu zake.

Ndipo likaja Jopo. Mwenyekiti wake ni Admirali Sir Lucius Bratherton, mtu mwenye sauti ya kengele na moyo mwema, na huo moyo mwema ndio uliotumaliza. Kila Jumatano alikuja ofisini na wenzake sita, akavua glovu, akaegemea mchoro wangu kwa viwiko viwili, akasema ana kitu kidogo tu cha kuongeza. Jumatano ya kwanza alitaka karakana ya kusubu chuma. Sawa. Jumatano ya pili alitaka ya pili yake, ikiwa ya kwanza itaharibika. Kisha mizinga minane, kwa sababu kuku asiye na kucha ataliwa. Kisha tanuri la mikate. Kisha chumba cha kufundishia somo la topido, chenye mabenchi ya mwaloni, si msonobari, maana msonobari unawachosha wanafunzi. Kisha akataka meli hiyo yenye karakana mbili, mizinga minane na mabenchi ya mwaloni ikimbie kuliko meli yoyote ya ukubwa wake, kwani mama hawezi kuachwa nyuma na watoto. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba karakana ya pili peke yake ni tani kumi na mbili. Akaniangalia kwa huruma akasema, “Kijana, tani kumi na mbili katika meli kubwa namna hii? Zitaonekana wapi?”

Zitaonekana wapi! Nililala na swali hilo, nikaamka nalo.

Bwana Dalgleish wa mitambo, Mskoti anayezungumza mara mbili kwa siku na mara zote mbili ni kulalamika, aliniambia kwenye ngazi kwamba mzee yule akimwongezea mtungi mmoja tu wa kunawia mikono, atajitupa baharini na mtungi wenyewe. Nikamwambia asisahau kunipa uzito wa mtungi, niutoe kwenye hesabu. Hakucheka. Waskoti hawapendi mzaha unaohusu uzito.

Ubaya zaidi ulikuwa huu: ukimwambia Mheshimiwa kwamba tumepunguza hapa na pale, pamebaki tani tatu, ni sawa na kumwambia mbuzi kwamba mlango wa bustani uko wazi. Wiki moja Bwana Orchard alimwambia ukweli kwamba tumebakiwa na tani tano. Kabla chai haijapoa zilikuwa zimegeuka kuwa chumba cha bendi ya tarumbeta. Tangu siku hiyo sikumsikia Bwana Orchard akitaja tena kitu kilichobaki. Kila alipoulizwa alisema meli imejaa, Mheshimiwa, imejaa hadi kwenye masikio.

Hivyo ndivyo tulivyoenda miaka mitatu. Kuku akajengwa, akatelezeshwa majini, akafungwa mitambo, na mwezi wa tisa akawa tayari kabisa. Siku hiyo ikatokea ajabu ambayo hapa hakuna aliyewahi kuiona. Kila meli iliyotoka bandari hii ilizama zaidi kidogo ya ilivyochorwa. Ni desturi, kama bibi harusi kuchelewa. Kuku alielea juu. Mstari uliopakwa ubavuni kuonyesha maji yatafika wapi ulikuwa mkavu, juu ya maji kwa inchi nane nzima. Mafundi wakashangilia, wakarusha kofia. Bwana Orchard hakushangilia. Alisimama ukingoni akautazama mstari ule kama mtu aliyepokea barua isiyo yake. Nami nilikuwa nyuma yake, nikitazama vifundo vya kamba za viatu vyangu.

Dada, meli kuwa nyepesi si sifa kama unavyodhani. Chombo ni kama mtu mlevi: kikiwa na uzito miguuni, kitayumba lakini kitasimama, kikiwa na kichwa kizito na miguu mitupu, kitalala njiani. Na Kuku ana winchi mbili ndefu kichwani.

Jaribio lilifanywa tarehe kumi na saba Oktoba, bandarini, bahari tulivu kama supu. Mheshimiwa alikuja na Jopo lake lote, meza ikaandaliwa katika chumba kikubwa, paja la kondoo, viazi, mchuzi wa mnanaa. Boti ya kwanza ikainuliwa na winchi, watu watatu ndani yake. Hesabu yetu ilisema meli itainama nyuzi nne. Ikafika nne. Ikapita. Ikafika saba, ikatafakari kidogo, ikafika tisa. Huko mezani paja la kondoo lilianza safari, likapita mbele ya maofisa sita kwa heshima, likaishia mapajani mwa Sir Lucius pamoja na mchuzi. Nje, boti ilibembea ikagonga ubavu wa meli kwa kishindo. Mwanamaji mmoja ndani ya boti, mtu wa kutia makaa, akapaza sauti hadi gatini: “Jamani, Kuku amelala! Tushusheni kabla hajatuatamia!” Gati zima likacheka. Mimi nilihesabu vichwa. Vilikuwa vitatu. Nikahesabu tena.

Hakuna aliyeumia. Lakini ningetaka ujue kwamba wale watatu walikuwa wamening'inia kwenye namba, Dada, si kwenye mnyororo.

Jopo likaitwa kuchunguza. Jopo gani? Jopo lilelile. Watu walewale walioleta mabenchi ya mwaloni wakaketi kwenye viti vya hakimu kuuliza nani ameharibu meli. Alhamisi iliyopita tukaitwa. Sir Lucius akauliza imekuwaje meli ikawa na upungufu wa mamia ya tani ambazo kitabu cha uzito kinaapa zimo, tena zimo chini kabisa, mahali zinapohitajika. Akauliza ni nani aliyeandika namba hizo. Kitabu hicho, Dada, kimeandikwa kwa mkono wangu toka jalada hadi jalada.

Bwana Orchard akasimama kabla yangu. Akasema namba zote za ofisi hiyo ni zake, kwa kuwa zote zina sahihi yake, na kwamba msaidizi wake anaandika anachoambiwa. Ofisa mmoja akanigeukia, akauliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina.

Sasa nafika pale nilipokuwa nazungukazunguka tangu ukurasa wa kwanza.

Namba moja katika kitabu kile ni uongo, nami ndiye niliyeutunga. Kwenye ukurasa wa rangi, ile nyekundu inayopakwa chini ya meli, niliandika tani mia na kumi. Rangi hiyo ni tani thelathini. Zile themanini nilizificha mwenyewe, kwa makusudi, baada ya ile habari ya bendi ya tarumbeta. Nilijiambia kwamba Mheshimiwa ataendelea kuongeza hadi siku ya mwisho, na siku hiyo mimi peke yangu katika Uingereza nzima nitakuwa nimeweka akiba ya kumpokea. Nikaificha chini kabisa, mahali ambapo maofisa wakubwa hawainami kuchungulia. Usiku ule nililala vizuri. Nilijiona nimevumbua kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote nilichoazima, nami nikajivunia, na hili la kujivunia ndilo linaloniuma sasa.

Jana, Jumapili, baada ya ibada nilikwenda nyumbani kwa Bwana Orchard kumwambia. Njia nzima nilipanga maneno. Bibi Orchard akafungua mlango, akanitazama uso, akasema, “Karibu ndani, mwingine huyu.” Sikumwelewa. Nikaingia sebuleni, na pale kwenye kochi alikuwa ameketi Bwana Dalgleish, kofia juu ya goti, macho mekundu, kipande cha keki mkononi hajakigusa.

Nikasema langu lote nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye rangi, Bwana Orchard akaninyanyulia mkono. Akasema aliiona rangi ile miaka miwili iliyopita. “Nimepaka meli tangu hujazaliwa, kijana wangu. Kwa tani mia na kumi ungepaka kisiwa cha Wight na kuwarudia kondoo wake mara ya pili.” Nikamuuliza, kwa nini basi alitia sahihi? Akakohoa. Akasema alipoiona alifurahi kwamba nimekua, maana kila mchoraji wa meli ana akiba yake ya siri, na si adabu kumuuliza mwenzako yake iko wapi, kama usivyomuuliza mtu ameweka wapi meno yake ya bandia.

Kila mchoraji, Dada! Ni desturi ya kazi hii tangu enzi za mbao. Wenzangu wote waliipata kwa kukaa miguuni pa wazee, ila haimo katika kitabu chochote cha kuazima, nami sikuuliza, kwa kuwa niliona aibu kwamba nitaonekana sijasoma.

Bwana Dalgleish akasema kwa sauti ya kaburini kwamba yeye yake iko kwenye maji ya boila. Tani mia na kumi. Alidhani ni yeye tu mwenye hofu ya kutosha. Tukamgeukia Bwana Orchard. Akasema yake iko kwenye ribiti na misumari, tani mia na hamsini, maana yeye ndiye mkuu na alijua wengine watakuwa na akiba kidogo, lakini hakupenda kuwadharau kwa kuwauliza.

Akachukua penseli, akajumlisha nyuma ya karatasi ya nyimbo za kanisani. Mia tatu na arobaini. Ukigawa kwa tani zinazomzamisha Kuku inchi moja, ni inchi nane kamili. Hesabu yetu haikuwa na kosa hata la nukta.

Bibi Orchard alikuwa amesimama mlangoni na birika. Akauliza, je, wanaume watatu wazima wamekaa chumba kimoja miaka mitatu, dirisha moja, jiko moja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake? Akasema wao wakiandaa chai ya kanisani huulizana nani analeta nini, na ni wanawake wa kawaida wasiojua hata kuchora kibanda, la sivyo pangekuwa na keki kumi na nne na hakuna maziwa. Akamimina chai kwa hasira mpaka sahani zikajaa.

Nikasema Ijumaa nitasimama mbele ya Jopo niseme ukweli. Dalgleish akasema naye atasimama. Bwana Orchard akatukatalia wote wawili. Akasema tukisimama watatu, Jopo litajua hakuna namba ya ofisi hii inayoaminika, na meli tano nyingine zitasimamishwa. Kisha akaniambia mimi hasa kwamba Dalgleish ana cheti, yeye ana mvi, lakini mimi sina kitu ila hiki kiti, na mtu asiye na cheti hakaripiwi, anafagiliwa. Akasema atawaeleza tu kwamba meli imetoka nyepesi na sahihi ni yake, wamfanye watakavyo.

Ungamo langu silo la rangi, Keziah. Rangi ni upumbavu tu. Ungamo ni kwamba nilikubali. Nilibisha mara moja, kwa adabu, jinsi mtu anavyokataa kipande cha pili cha keki, kisha nikakubali, upesi kuliko anavyokubali mtu mwema. Bibi Orchard aliniona. Akaniongezea sukari. Wewe uliyenilea baada ya mama, uliyenipiga kofi siku nilipomwachia Eli lawama ya dirisha la mchungaji, ndiwe pekee ninayeweza kukuandikia jambo hili. Kosa uliloliuliza ni la watu watatu, na wawili kati yao watalala salama Ijumaa kwa sababu mzee mmoja hatalala.

Usiisome barua hii kwa sauti. Mwambie shemeji namsalimu sana na goti lake, wabusu watoto, na umsalimie Mama Hannaford mkwe wako, umwambie soksi alizofuma zinanitosha, ingawa moja imemzidi mwenzake. Nami nakuomba, ukimaliza kunikasirikia, uniandikie.

Ni mimi mdogo wako asiyestahili,
Jabez Luscombe

Jumamosi, 16 Novemba. Barua hii sikuipeleka posta. Nilikuwa naogopa kofi lako hata kwa njia ya posta. Sasa naifungua niongeze. Jana Jopo limetoa uamuzi. Bwana Orchard amekabidhiwa barua mbili kwa wakati mmoja, zote zimetiwa sahihi na Sir Lucius: moja inamkaripia kwa meli kuinama nyuzi tisa, nyingine inampongeza kuwa ndiye mkuu wa kwanza kutoa meli nyepesi kuliko ilivyoahidiwa. Atastaafu Juni kama ilivyopangwa, na jina lake litabaki kwenye michoro. Sir Lucius aliuliza ni dawa gani itakayomfanya Kuku asimame wima, akaambiwa ni farumi, uzito wa kutuliza chombo, uwekwe chini kabisa. Leo asubuhi wameanza kupakia tumboni mwake chuma chakavu, tani mia tatu na arobaini.